Boriti Inayojijenga

Mfupa wa paja la ng'ombe ukipasuliwa kwa urefu, kuanzia kichwa kinachoingia kwenye nyonga hadi katikati yake, huonyesha jambo ambalo wanywaji wengi wa supu hulipita bila kulitazama. Katikati mna uwazi uliojaa uboho, na uwazi huo umezungukwa na ganda nene, gumu na zito. Kadiri jicho linavyopanda kuelekea kichwani, ganda hukonda mpaka likafikia wembamba wa kucha, na ndani yake hutokea vijiti vyembamba vya mfupa, maelfu kwa maelfu, vilivyoshikana huku na kuachiana nafasi kule. Havikutawanywa ovyo. Vipo vinavyoshuka kutoka juu ya kichwa, pale kiwiliwili kinapoegemea, vikateremka hadi upande wa ndani wa shingo ya mfupa. Vipo vinavyoinuka kutoka upande wa nje, vikajipinda juu ya vile vya kwanza na kukatana navyo karibu kwa pembe mraba. Hata mfupa wa binadamu uko hivyo. Anayevitazama kwa utulivu huanza kuona ramani, na ramani yoyote humfanya mtu aulize ilichorwa kwa kipimo gani, na mkono wa nani.

Katika miaka ya 1860 swali hilo lilimfikia mtu ambaye hakuwa na kazi yoyote na mifupa. Georg Hermann von Meyer, mwanaanatomia wa Zürich nchini Uswisi, aliwaonyesha wanasayansi wenzake michoro ya mifupa aliyoipasua, na miongoni mwa waliotazama alikuwamo Karl Culmann, profesa wa uhandisi katika mji huohuo. Culmann alikuwa mtu wa madaraja na paa za chuma, na alikuwa amejijengea jina kwa kufundisha namna ya kukokotoa nguvu kwa kuchora mistari. Katika mfupa wa Meyer aliiona mistari yake mwenyewe. Kreni yenye shingo iliyopinda, ikitundikwa mzigo kwenye ncha, hubeba mzigo huo kwa njia mbili: upande mmoja wa chuma hugandamizwa, upande wa pili huvutwa, na njia hizo za mgandamizo na mvutano hukatana kwa pembe mraba. Ilipochorwa kreni iliyopewa umbo la sehemu ya juu ya mfupa wa paja, mistari ya nguvu ilipita karibu palepale vinapopita vijiti vya mfupa. (Mmoja wa wanafunzi wa Culmann, Maurice Koechlin, ndiye aliyekuja kuchora rasimu ya kwanza ya mnara wa Eiffel mwaka 1884. Mwalimu mmoja, kwa penseli moja, aligusa nyonga ya binadamu na mnara wa Paris.)

Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Berlin, aliikamata picha hiyo na hakuiachia tena. Aliandika juu yake mwaka 1870, na mwaka 1892 akatoa kitabu kizima kuhusu sheria ya kugeuka kwa mifupa. Dai lake lilikuwa zito: mzigo ukibadilika, umbo la ndani na la nje la mfupa hubadilika kwa kufuata sheria za hisabati. Dai hilo limebeba jina lake hadi leo, ingawa hakuacha mlinganyo ambao mtu angeweza kuutia namba na kupata jibu. Aliacha imani kwamba mlinganyo upo. Mwenzake Wilhelm Roux, katika kitabu cha mwaka 1881, alikuwa tayari amekwenda mbali zaidi kwa njia ya kimyakimya. Roux alisema umbo hilo huenda halina mchoraji kabisa, kwamba kila sehemu ya mfupa hujirekebisha yenyewe kwa kuitikia msukumo unaoifikia pale ilipo. Wolff amepewa sheria. Roux, kwa haki, ndiye aliyeuliza swali lililo bora, na karne nzima ya hisabati iliyofuata ni jitihada ya kumjibu.

Wakazi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja wameishi vizazi kwa vizazi chini ya nusu ya jibu. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, na kwa kawaida upana wake hauzidi mita 3 hivi, hata kwa tajiri aliyekuwa na kiwanja cha kutosha. Aliyeamua upana ni boriti. Mti wa mkoko huwa na urefu wake na unene wake, na kutoka ukuta hadi ukuta hauwezi kuvuka zaidi ya pale utakapoanza kulegea chini ya chokaa na mawe ya dari. Majahazi yaliyopakia boriti kwenda Oman na Ghuba yalipakia kipimo hicho pamoja nazo, na vyumba vya huko vikaja na wembamba uleule. Galileo Galilei alilieleza jambo hili kwa hesabu katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1638, alipokuwa kifungoni nyumbani kwake karibu na Florence na macho yamekwisha kuzima. Ukikuza kitu mara 2 kwa kila upande, uzito wake hupanda mara 8, lakini eneo la mkato linalobeba uzito huo hupanda mara 4 tu. Katika ukurasa mmoja alichora mifupa miwili, mmoja wa kawaida na mwingine uliorefushwa mara 3. Ili uweze kufanya kazi ileile katika mwili wa jitu, ule mrefu ilimbidi aunenepeshe kupita kiasi hata ukapoteza sura. Jitu lenye uwiano wa binadamu lingeanguka kwa uzito wake lenyewe.

Boriti ya mkoko ikishapandishwa darini, mambo yake yamekwisha. Haitaongeza unene kwa sababu mwenye nyumba amejenga ghorofa, wala haitapungua kwa sababu wapangaji wamehama. Mfupa ni boriti yenye mafundi ndani yake. Seli ziitwazo osteoklasti huuyeyusha, na osteoblasti hufuata nyuma zikijaza upya palipochimbwa. Uchimbaji wa shimo moja dogo huchukua wiki chache, ujazaji wake miezi kadhaa, na kwa mwaka mmoja takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima huwa imebomolewa na kujengwa tena. Mtu wa miaka 50 hana mfupa aliokuwa nao akiwa na miaka 30. Ana umbo lake tu, na umbo hilo linadumu kwa sababu kila siku linaamuliwa upya.

Linaamuliwa kwa kipimo gani? Hapa ndipo Lance Lanyon wa Uingereza alipochukua njia ya moja kwa moja. Alibandika vipimo vya umeme, vyembamba kama karatasi, juu ya mifupa ya wanyama walio hai, na mwaka 1975 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vilivyotoka kwenye muundi wa mtu aliyekuwa akitembea na kukimbia. Mfupa, kumbe, hunyumbuka. Hunyumbuka kidogo mno kwa jicho kuona, kwa hiyo wataalamu huhesabu kwa sehemu za milioni: mfupa wa mita 1 ukifupika kwa milimita 1, umenyumbuka sehemu 1,000 kwa milioni. Mwaka 1984 Lanyon na Clinton Rubin walikusanya vipimo vya wanyama wasiofanana kwa lolote, farasi akikimbia kasi, bata bukini akiruka, kima akitafuna, wakakuta kwamba katika kazi nzito mifupa yao yote hunyumbuka kati ya sehemu 2,000 na 3,000 kwa milioni. Ukubwa wa mwili haukubadilisha kitu. Kila mnyama alikuwa amejijengea mifupa inayomwachia akiba ileile, mara 2 hadi 4, kabla ya mfupa kuanza kuharibika. Galileo alionyesha kwamba uwiano wa maumbo hauwezi kulindwa mwili unapokua. Kinachoonekana kulindwa ni kiasi cha kunyumbuka, nalo umbo hufuata popote linapolazimika kwenda.

Jaribio jingine la wawili hao, la mwaka huohuo, lingepaswa kujulikana na kila mtu mwenye mifupa. Walichukua mfupa wa bawa la ndege wa kufugwa, wakautenga na kazi zake za kawaida, kisha wakaukandamiza kwa mashine kwa idadi waliyoitaka. Usipoguswa, ulipungua. Ulipokandamizwa mara 4 tu kwa siku, ulibaki kama ulivyokuwa. Ulipokandamizwa mara 36, kazi ya dakika moja na ushei, uliongezeka sana katika wiki 6. Walipofika mara 1,800, haukuongezeka zaidi ya pale. Na ulipowekewa mzigo uleule bila kuachiwa wala kurudiwa, ulipungua kama mfupa usio na kazi. Mzigo uliotulia, hata uwe mzito namna gani, kwa mfupa si habari. Habari ni kukandamizwa na kuachiwa, na habari hiyo ikishasikika, kuirudia mara elfu ni kupoteza pumzi.

Dennis Carter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliligeuza jambo hili kuwa hesabu. Kichocheo cha siku nzima, walipendekeza, kinapatikana kwa kuchukua kila aina ya mzigo, ukubwa wake ukapandishwa kwa kipeo cha 4 hivi, kisha kuzidishwa na idadi ya marudio, na vyote kujumlishwa. Kipeo hicho kidogo kina maneno mengi. Maana yake mzigo ukiongezwa mara 2, una nguvu sawa na mzigo wa awali uliorudiwa mara 16. Mtoto anayeruka kamba kwa dakika chache anauambia muundi wake mengi kuliko mtu mzima anayetembea polepole jioni nzima. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mfupa hupima kwanza ukubwa wa haba yenyewe.

Ushahidi umo mikononi mwa wachezaji wa tenisi. Mchezaji hutumia mkono mmoja kupigia mpira, na mkono wa pili, wenye damu ileile, chakula kilekile na wazazi walewale, hubaki kuwa shahidi. Picha za eksirei za wachezaji 84 wa kulipwa, zilizochapishwa mwaka 1977, zilionyesha kwamba ganda la mfupa wa mkono wa juu lilikuwa nene zaidi upande wa kuchezea kwa takriban asilimia 35 kwa wanaume na 28 kwa wanawake. Miaka 18 baadaye watafiti wa Finland waliwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi wakaongeza neno moja: waliouanza mchezo kabla ya kuvunja ungo, au wakati wa kuvunja ungo, walikuwa na tofauti kubwa kama mara 2 ya waliouanza baadaye. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mfupa ubichi huo una tarehe.

Hivyo mzigo unaobebwa kila siku hauwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, G.M.O. Maloiy wa Kenya na wenzake walieleza vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo utosini na wanawake wa Kikuyu wanaoibeba mgongoni kwa mukwa, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso. Dunia ilishangazwa na jambo moja: wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada iliyoweza kupimwa katika pumzi. Kuna jambo la pili katika taarifa hiyo, lililotajwa kwa maneno machache na kupitwa haraka. Waandishi walisema kwamba mukwa mara nyingi huacha mfuo wa kudumu kwenye fuvu. Mapafu hayakuuhesabu mzigo. Fuvu liliuhesabu. Ule usemi kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi huwa mchungu zaidi hapa, maana kanda hilo la kuni na maji, ambalo aliyekaa kivulini huliona jepesi, lilikuwa likiandikwa kwenye mfupa wa mama mwaka baada ya mwaka. Sifa nyingi zimemwagwa juu ya uhodari wa wanawake hao kuliko juu ya mabomba ya maji ambayo yangewapunguzia mitungi hiyo.

Aliyejaribu kuyafunga yote haya katika kauli moja ni Harold Frost, daktari mpasuaji wa Marekani aliyefanya kazi Detroit. Mwaka 1987 alipendekeza kwamba mfupa una mipaka. Kunyumbuka kukibaki chini ya sehemu 200 hivi kwa milioni, mfupa huo huonekana wa ziada na huondolewa. Kukipita 1,500 hivi, huongezwa. Kati ya hapo ni eneo la utulivu, mfupa hufanya matengenezo yake ya kawaida na kuacha mambo yalivyo. Kukizidi sana, nyufa ndogo hutangulia mafundi na kazi ya kujenga huwa ya haraka na isiyo na mpangilio. Wanahisabati walikuwa wameshapata pa kuanzia. Stephen Cowin na D. H. Hegedus mwaka 1976 waliandika milinganyo ya kitu kinachobadilisha uzito wake kwa kadiri kinavyonyumbuka, na mwaka 1987 Rik Huiskes wa Uholanzi na wenzake wakaipeleka kompyutani. Kiini chake kinasemeka kwa sentensi moja: kasi ya mfupa kuongezeka au kupungua mahali fulani ni namba ya kudumu ikizidishwa na tofauti kati ya kichocheo kinachofika pale na kichocheo ambacho mahali pale pamekizoea. Sentensi hiyo hairejei kokote kwenye umbo la paja wala nyonga. Inajua sehemu moja ndogo, leo.

Kompyuta hugawanya picha ya mfupa katika vipande vidogo vya mraba, hukokotoa jinsi kila kipande kinavyonyumbuka, hukiongezea au kukipunguzia kwa sheria hiyo, kisha hukokotoa upya. Huiskes na wenzake walianza na kipande cha kufikirika chenye umbo la sehemu ya juu ya paja, kikiwa sawasawa pote, bila kijiti hata kimoja. Baada ya mizunguko ya kutosha, ganda lilijitokeza, uwazi wa uboho ukajitokeza, na mistari ya Meyer ikaanza kuchomoza kichwani. Hakuna aliyeiingiza.

Lakini mwaka 1992 Harrie Weinans, Huiskes na H. J. Grootenboer waliitazama sheria hiyo kwa jicho kali wakaona kasoro ambayo ni funzo kuliko ushindi wenyewe. Ugumu wa mfupa haupandi sambamba na densiti yake. Hupanda karibu kwa kipeo cha 3, yaani densiti ikiongezeka mara 2, ugumu huongezeka mara 8. Kipande kilichopata mfupa kidogo zaidi ya jirani yake huwa kigumu zaidi, kwa hiyo huvuta mzigo zaidi, kwa hiyo huongezewa mfupa tena. Jirani aliyepunguzwa hulegea, hukosa mzigo, hupunguzwa tena. Mwenye nacho huongezewa. Mwishowe kila kipande kilikuwa ama kimejaa kabisa ama kitupu kabisa, na katika picha nyingi vipande vyeusi na vyeupe vilipokezana kama kwenye ubao wa drafti. Hakuna mfupa wa namna hiyo. Sheria iliyodai haki ya kila mahali kujiamulia peke yake iliishia katika utajiri na ufukara, kwa sababu hakuna kipande kilichosikia habari za jirani.

Dawa ilipatikana kwa kuuliza habari hizo husikika wapi katika mwili wenyewe. Osteoblasti zinapojenga, baadhi yake hujizika ndani ya kazi yao na kugeuka osteositi, seli zenye mikono mirefu inayopita katika vijifereji na kugusana na mikono ya jirani. Makadirio ya mwaka 2015 yalihesabu osteositi bilioni 42 hivi katika mtu mzima mmoja. Mfupa unaponyumbuka, majimaji yaliyomo vijiferejini husukumwa, na Sheldon Weinbaum, Cowin na mwenzao mwaka 1994 walionyesha kwa hesabu kwamba msukumo huo unatosha kuzigusa seli hizo. Ndiyo sababu mzigo usiotikisika hausemi kitu: majimaji yakishatulia, mazungumzo yamekatika. Wanahisabati walipozipa seli hizo masikio ya kufika mbali kidogo, ili kila moja itangaze hali yake kwa majirani na sauti hiyo ififie kadiri umbali unavyoongezeka, ubao wa drafti ulitoweka. Mwaka 2000, katika Nature, Huiskes na wenzake walionyesha modeli ambayo osteoklasti huchimba popote pale kwa bahati nasibu. Kila shimo hudhoofisha mahali pake, udhaifu huongeza kunyumbuka pembezoni mwake, na kunyumbuka huita wajenzi. Vijiti vilijipanga kufuata mzigo. Mzigo ulipogeuzwa upande, vijiti navyo viligeuka, polepole, mpaka vikauelekea tena. Kamba hukatikia pabovu. Mfupa huanza kujengwa palepale pabovu.

Katika bilioni hizo 42 hakuna seli iliyowahi kuona nyonga. Hakuna inayojua kwamba mwenye mwili ni kuli wa bandarini au mcheza tenisi, kwamba ana mimba, kwamba amehamia mlimani. Kila moja inajua imesukumwa kiasi gani na majirani wanasema nini, na bado jumla ya ujuzi huo mdogo ni umbo lililomshangaza mhandisi bora wa zama zake. Wolff aliona mpangilio akatafuta sheria inayoutawala kutoka juu. Hesabu zimeonyesha mpangilio unaweza kupanda kutoka chini, mradi walio chini wasikilizane. Mtu anaweza kuifikiria kauli hiyo kwa muda mrefu bila kuimaliza, na si kwa mifupa peke yake.

Kama mzigo unaandika, basi yupo anayeweza kusoma. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na kikafuatwa na sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Miaka miwili baadaye, katika bonde la Olduvai nchini Tanzania, yalipatikana mabaki ya kiumbe wa kale zaidi, kama miaka milioni 1.8, yanayoitwa OH 62. Christopher Ruff wa Marekani aliyasoma yote mawili kwa hesabu za mhandisi wa boriti: eneo la mkato wa mfupa, na jinsi mfupa wenyewe ulivyosambaa kutoka katikati, vitu vinavyoamua nguvu ya kuhimili kupindwa. Akalinganisha mkono na mguu. Kwa kijana wa Turkana, nguvu ya mguu ilizidi ya mkono kwa kiasi cha binadamu. Kwa OH 62, uwiano uliangukia upande wa sokwe, wa kiumbe ambaye mikono yake bado ilikuwa ikibeba mwili mitini. Mabaki ya OH 62 ni vipande vipande na hukumu yoyote juu yake lazima iwe na unyenyekevu. Hata hivyo, ni jambo la kusimamisha mtu: nyama imekwisha kuoza, miti imekwisha kugeuka vumbi, na uzito wa kupanda miti hiyo bado unapimika kwa milimita.

Kinachoandikwa hufutika pia. Mwanaanga anayeelea katika kituo cha anga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi asipofanya mazoezi mazito. Mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga hupewa shina la chuma lililo gumu kuliko mfupa mara nyingi, na shina hilo hubeba mzigo uliokuwa wa mfupa. Sehemu ya juu ya paja, ikiwa imepumzishwa hivyo, hukonda mwaka hadi mwaka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kazi ya Huiskes ya mwaka 1987 ilikuwa juu ya jambo hilohilo: kukadiria, kabla kisu hakijagusa ngozi, ni mfupa kiasi gani utakaopotea kwa shina la ugumu fulani. Kati ya matumizi yote ya hesabu hizi, hilo ndilo lenye heshima kuliko yote, kwa kuwa kosa hufanywa kwenye skrini badala ya kufanywa pajani mwa mtu.

Modeli zenyewe hazikuachwa zistarehe. Mwaka 2014 Patrik Christen na wenzake walipiga picha za mifupa ya wanawake kwa mashine inayoona kijiti kimoja kimoja, wakarudia baada ya muda na kulinganisha palipoongezeka na palipopungua na mzigo uliokokotolewa pale. Mfupa ulifuata mzigo, kama ilivyotarajiwa. Lakini lile eneo la utulivu la Frost hawakuliona. Kila ongezeko dogo la mzigo liliongeza uwezekano wa kujengwa, na kila pungufu dogo liliongeza uwezekano wa kubomolewa. Kwa mtu anayelala kitandani hospitalini habari hiyo ni nzito, kwani hakuna siku ambayo mfupa hauhesabu. Wauguzi wanaomwinua mgonjwa aketi, asimame, apige hatua mbili akishikilia ukuta, wanafanya kazi ya tiba hata kama hakuna chumba cha dawa kinachoitoa.

Sauti ya osteositi nayo imepata jina. Huko Afrika Kusini, miongoni mwa jamii ya Waafrikana, zimo familia chache zenye mifupa mizito isiyovunjika kirahisi, inayoendelea kunenepa hata ikabana mishipa ya uso na ya kusikia. Mwaka 2001 kasoro ilipatikana katika jeni moja, ile inayotengeneza protini ya sklerostini. Osteositi huitoa protini hiyo ili kuwazuia wajenzi, na mwaka 2008 majaribio ya wanyama yalionyesha kwamba mfupa unapokandamizwa, sklerostini hupungua palepale unaponyumbuka zaidi. Kile ambacho wanahisabati walikiandika kama herufi katika mlinganyo kilikuwa na mwili. Mwaka 2019 Japani na Marekani ziliidhinisha dawa inayoizuia protini hiyo, romosozumabu, kwa wagonjwa ambao mifupa yao iko katika hatari kubwa ya kuvunjika. Dawa huchomwa mara moja kwa mwezi na kuwafanya mafundi waamini kwamba mzigo umekuja. Hutolewa kwa miezi 12 tu. Mgonjwa asipopewa dawa nyingine baada ya hapo, mfupa aliouongeza huanza kupungua.